Mtibwa Sugar ilichukuaje ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo? Watu wa Turiani naombeni historia

Kijana wa Dumila

Wakuu, habari za jioni.

Nina ubishi na mjomba wangu, na tumewekeana kreti la soda. Mimi ni wa 2003, nimekulia Dumila, mabasi ya Turiani yanapita mbele ya kibanda chetu kila siku. Pamoja na ujirani wote huo, Mtibwa niliyoikuta mimi ni ya kucheza mchujo ili isishuke daraja, na mwisho wake mwaka 2024 ikashuka kweli. Sasa mjomba, kila tukikaa kuangalia mpira, anasema hii timu iliwahi kuwa bingwa wa Tanzania Bara miaka miwili mfululizo na Simba na Yanga wakiwa hai. Nikamwambia mjomba umechanganya, labda ni ubingwa wa mkoa. Akacheka mpaka akamwaga chai.

Nimetafuta mtandaoni, napata mstari mmoja tu: mabingwa 1999 na 2000. Basi, hakuna maelezo. Ninachotaka kujua ni ilivyokuwa. Timu ya shambani, kijijini kule, inawezaje? Na je, wachezaji walikuwa wanakata miwa kweli au ni jina la utani tu?

Wenye kumbukumbu karibuni.

Mnyama Damu

Dogo nunua soda, mjomba yuko sahihi. Ila hiyo timu hata nikiikumbuka kwa mema, siusamehi ule uwanja wao wa Manungu. Januari 2022 sisi Simba tulikwenda pale tukatoka 0-0, mpira unadunda kama uko kwenye tuta la viazi. Kiungo wetu anapiga pasi ya hatua tano, inafika kifuani. Subiri wenyewe waje wakusimulie.

Mkata Miwa 68

Kijana wa Dumila, umeniamsha. Nilikuwa nimelala, mwanangu wa mwisho akaniletea simu, "Baba, wanaulizia Mtibwa." Basi nimekaa kibarazani, nachapa kwa kidole kimoja, mtanivumilia.

Mimi nimezaliwa kambini, 1968. Marehemu baba alitoka upande wa Njombe kuja kukata miwa msimu mmoja akusanye mahari arudi. Hakurudi. Nami nikaingia kiwandani kama msaidizi wa fundi, nikawa fundi mitambo, nimestaafu nikiwa fundi mitambo. Kwa hiyo haya nayasema kama mtu aliyekuwa na spana mkononi, sikuwa kiongozi wa klabu na sina karatasi yoyote ya ofisini.

Nianze na swali lako la miwa. Timu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda na shamba mwaka 1988, na ilianzia chini kabisa, daraja la nne. Kwa hiyo ndiyo, wale wa kwanza kabisa walikuwa watu wa kazi. Kulikuwa na beki mmoja, sitamtaja maana yupo hai na ana wajukuu, alikuwa anakata kipande chake alfajiri, anarudi mweusi kwa masizi kama mtungi, anaoga nusu, saa kumi yuko uwanjani. Nasema nusu kwa sababu masikioni na nyuma ya shingo masizi hayatoki. Ukimkaba kwenye kona unarudi na jezi ina alama za mikono yake.

Kwa wasiojua: miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, majani yaungue, nyoka wakimbie. Moto unapigwa jioni au usiku, na asubuhi masizi yanashuka kijiji kizima, marefu, mepesi, kama nyuzi nyeusi. Wanawake walikuwa wakitazama upepo kabla ya kuanika. Timu ilipopata jezi nyeupe kwa mara ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa anazifua aliweka sharti kwamba ataanika ndani ya nyumba, na kweli mkienda kwake mnakuta sebule yote imejaa namba.

Na mistari ya uwanja nilikuwa nachora mimi na wenzangu wawili. Mnajua chokaa inaingia kwenye kutengeneza sukari? Juisi ya miwa ikitoka kwenye mitambo inatiwa chokaa ili uchafu ushuke chini. Basi chokaa ya aina hiyo hiyo tuliomba stoo debe moja kila mechi, kwa karatasi yenye sahihi. Kamba, vigingi viwili, na kopo la maziwa lililotobolewa matundu. Mstari wa nusu uwanja ulikuwa unapinda kidogo upande wa kiwandani, na huo kupinda ni wangu, nakiri leo.

Nitaendelea, simu inazima.

Kijana wa Dumila

Shikamoo mzee wangu. Tunasubiri, usituache hapo tafadhali. Mjomba naye nimemsomea, amenyamaza, hilo tu ni ushindi.

Mwana wa Banyambala

Wakati mzee anachaji simu, niseme neno kwa ajili ya kwetu. Mnaongea kama vile Mtibwa ndio wa kwanza kutoka vijijini. Tukuyu Stars, 1986. Tulipanda ligi na mwaka huo huo tukachukua ubingwa wa Bara. Mji wenyewe ni mteremko mmoja, mvua, migomba na chai. Mtu akitoka Dar alikuwa hajui hata Tukuyu iko upande gani wa Mbeya, na alikuja akafungwa hivyo hivyo. Mtibwa walichukua mbili, sawa, nawapa heshima. Ila sisi hatukuwa na kiwanda nyuma yetu.

Mkata Miwa 68

Marahaba mwanangu. Na wewe wa Tukuyu nakupa mkono, ulichosema ni kweli tupu. Na hapo umegusa penyewe, nitarudi kwenye hilo la kiwanda.

Tulipanda ngazi kwa ngazi. Hakukuwa na haraka, na sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kwamba siku moja tuwe mabingwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 tukawa ligi ya juu. Hapo ndipo sura ya timu ilipobadilika, wakaanza kuja vijana ambao kazi yao ni mpira. Miwa wakawa wanaila tu. Jina la Wakata Miwa likabaki la heshima. Kwa hiyo, Kijana, jibu lako fupi: 1988 walikata kweli, 1999 hapana.

Unauliza tuliwezaje. Kila mtu ana lake. Mimi langu ni moja: utulivu.

Fikiria wewe ni mchezaji, una miaka ishirini na mbili, umeletwa Manungu. Una chumba kwenye nyumba za kampuni, una chakula, mshahara una tarehe yake. Mazoezi yakiisha unakwenda wapi? Mbele miwa, nyuma miwa, kulia kiwanda, kushoto Milima ya Nguru imekaa na wingu lake. Ukitaka starehe utembee hadi Turiani, na Turiani nzima inakujua, kesho yake asubuhi kocha ana taarifa. Wenzetu wa Dar enzi zile kila baada ya mechi mbili wanachama wako makao makuu wamefunga mlango kwa minyororo, mara makundi, mara uongozi umepinduliwa. Huku hakukuwa na wanachama wa kufunga mlango. Mwenye timu alikuwa mmoja, na geti lake lilikuwa na mlinzi.

Halafu barabara. Wewe Kijana umeikuta lami kutoka Magole. Sisi tuliijua ilipokuwa udongo. Masika ikikolea, ile njia ilikuwa inakula magari. Timu ya ugenini inaingia jioni, dereva amechafuka hadi nywele, wachezaji wameshuka kusukuma mara tatu. Wakishuka kwenye basi unaona mtu anajinyoosha mgongo, unajiambia moyoni, huyu kesho hana mbio. Siyo uungwana kusema hivyo, lakini ni kweli tulikuwa tunahesabu hizo nazo kama pointi.

Mechi kubwa nyingi zilipelekwa Jamhuri, Morogoro mjini. Huko tulikuwa tunakwenda kwa lori. Unapakia watu saa mbili asubuhi, wanawake wamebeba maandazi, mzee mmoja alikuwa haendi popote bila fungu la miwa iliyokatwa vipande, anauza njiani kwa mashabiki wa timu yoyote. Alikuwa anasema muwa hauna Simba wala Yanga.

Sasa ubingwa wenyewe. Mtanicheka. Ubingwa wa kwanza, 1999, mimi sikuuona na sikuusikia. Nilikuwa zamu, tuko chini ya mtambo tunafungua beringi iliyokwama. Mwenzangu alikuwa na redio ya mkulima, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie grisi, tunasikiliza Radio Tanzania. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, alishazichemsha mara mbili, mnaojua mambo ya kuchemsha betri mnanielewa. Mtangazaji akawa anafifia, anafifia, kama anayezungumza akizama kwenye kisima. Mwishowe kimya. Tukabaki tunabishana, huyu anasema alisikia kelele za goli, huyu anasema zile zilikuwa kelele za pampu.

Zamu ikaisha usiku, kila mtu wa kumuuliza amelala au anajua kama sisi. Nikalala. Asubuhi basi la kwanza kutoka Morogoro likaingia, kondakta amening'inia mlangoni, gazeti kalishika juu kama bendera. Hakusema salamu. Alisema, "Nyie wakata miwa, mnajua mlichofanya?" Hivyo ndivyo nilivyojua. Usiku mzima nimelala bingwa wa nchi bila taarifa.

Wa mwaka 2000 niliusikia vizuri. Nilinunua betri mpya wiki nzima kabla.

Wanalizombe

Mzee heshima yako, nasoma nikiwa Songea. Ila kuna mahali hapajakaa sawa kwenye huu uzi. Watu wanaandika kana kwamba nje ya Simba na Yanga ni Mtibwa peke yake walioshinda mfululizo. Majimaji yetu ilichukua Ligi ya Muungano 1985 na 1986, kisha tena 1998. Tusifutiwe.

Mkata Miwa 68

Hujafutwa, kaka. Tatizo la zamani ni kwamba kulikuwa na ligi mbili kichwani, ya Bara na ya Muungano, ile iliyowakutanisha timu za Bara na za Zanzibar. Majimaji ya Muungano naijua na niliiogopa. Mimi nazungumzia Bara. Kwenye orodha ya Bara utakuta Cosmopolitans 1967, Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu 1986, Coastal Union 1988, baadaye sana Azam 2014. Wote hao mara moja moja. Mara mbili, tena bila kupisha mwaka katikati, ni sisi tu ukiondoa wale wawili wa Kariakoo. Hapo sishuki bei.

Mnyama Damu

Mzee swali la uchokozi. Mlipokwenda kimataifa ilikuwaje? Maana nakumbuka kuna habari ya kufungiwa.

Mkata Miwa 68

Nilijua Simba mtaleta hilo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulipangwa na Santos ya Afrika Kusini, wakaja wakatufunga, na mechi ya marudiano timu haikusafiri. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakatufungia na faini juu. Sitaki kulizunguka, lilikuwa doa. Niliona aibu hata kazini, kuna mhandisi alikuwa akipita karibu yangu ananiuliza, "Fundi, ndege mmepata?"

Na deni halikusahau njia. Mwaka 2018 tumechukua Kombe la Shirikisho la Azam, tumeifunga Singida United 3-2 pale Sheikh Amri Abeid Arusha, kocha Zuberi Katwila ambaye mwenyewe alicheza Mtibwa. Watu wanaimba. Kabla hata sauti haijakauka likaibuka lile lile la Santos, mara tunaruhusiwa, mara haturuhusiwi. Ikamalizwa, tukacheza. Tuliwatoa Northern Dynamo wa Ushelisheli, kisha KCCA ya Uganda wakatutoa sisi.

Kombe la Mapinduzi nalo usilisahau. Tulilichukua 2010. Tukafika fainali 2015, ninyi Simba mkatutoa kwa penalti. 2016 fainali tena, URA ya Uganda wakatufunga. Halafu Januari 2020 tukawakuta ninyi tena Amaan, tukawafunga 1-0. Hiyo moja kwangu ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Kijana wa Dumila

Mzee kuna kitu sielewi. Kama mlikuwa na utulivu huo wote, mlianguka wapi? Mimi nimeona mchujo 2021, mchujo tena 2022, halafu 2024 mkamaliza mkiani. Utulivu ulikwenda wapi?

Mkata Miwa 68

Hili ndilo swali lililonikosesha usingizi miaka kadhaa, na sina jibu la ofisi. Nina jibu la mtu aliyekaa kwenye nyasi za Manungu.

Kwanza, tulikuwa shamba la wengine. Sisemi kwa uchungu sana, mengine tulijivunia. Tulikuwa na vijana wanaokuzwa hapa hapa, wanaanza wadogo, wanakaa pamoja, wanapanda pamoja. Mecky Maxime alicheza hapa, akawa nahodha wa Taifa Stars, akarudi kuwa kocha. Salum Mayanga alitufundisha sisi, 2017 akapewa Taifa Stars. Shaaban Nditi alikaa kiungo miaka mpaka watoto waliomkuta wakadhani amezaliwa na kitambaa cha unahodha mkononi. Mtu kama Nditi ukiwa naye, kocha anaweza kuumwa na timu ikacheza.

Halafu ukaja wakati wa kuvunwa. Mwaka 2016 kwa mkupuo mmoja Simba walibeba watatu: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Watatu! Oktoba mosi mwaka huo huo Kichuya akapiga kona dhidi ya Yanga ikaingia moja kwa moja, 1-1, nchi nzima ikaruka. Nilikuwa kwenye banda la video Turiani. Banda zima wanashangilia, mimi nashangilia pia, na papo hapo namwambia jirani yangu, "Ile kona alikuwa anaipiga pale kwenye kibendera cha upande wa miwa, kila jioni, mpaka giza." Nilimwona kwa macho yangu. Mpira ukipita juu unaingia kwenye miwa, mtoto anatumwa kuufuata, na mtoto akichelewa mnajua anakula muwa. Siku nyingine anarudi na muwa mdomoni na mpira hajauona.

Baadaye Yanga nao wakaja, Kibwana Shomari, kisha Dickson Job. Beki mbili za timu moja. Ukimuuza mmoja unapanda mwingine. Ukiwauza kila mwaka, mbegu inakwisha ghalani.

Pili, ligi ilipanda bei. Zamani nyumba ya kampuni na mshahara wa uhakika vilikuwa mali. Siku hizi mchezaji anatoka Kongo, Ivory Coast, Zambia, anakuja na wakala na mkataba wa kurasa kumi. Azam wana uwanja wao na mahitaji yote. Timu ya kiwanda inayotegemea mfuko mmoja, na mfuko huo una shughuli zake za sukari, haiwezi kukimbizana na hao kwa kukaza kamba za viatu tu. Si sisi peke yetu. Hesabu timu za kazini zilizokuwa zinatisha nchi hii: Reli ya Morogoro, ile tuliyoiita Kiboko ya Vigogo. Pamba ya Mwanza. Sigara. Ushirika ya Moshi. CDA ya Dodoma. Shirika likipiga chafya, timu inalazwa. Mwenzangu wa Tukuyu anasema wao hawakuwa na kiwanda nyuma yao, na ndiyo sababu walipata shida mapema kuliko sisi. Kiwanda kilitupa miaka thelathini na ushee. Ningekilaumuje?

Siku mbaya kuliko zote nilikuwepo. Mei 13, 2024, Manungu, Yanga. Walikuwa wanahitaji kushinda watangaze ubingwa, sisi tunahitaji kushinda tupumue. Walitufunga 3-1. Wakachukua ubingwa wao wa 30 juu ya nyasi zetu. Magari yalikuwa yameanza kuingia tangu asubuhi, vuvuzela, watu wamejipaka rangi, wauza jezi wamepanga barabarani hadi njia ya kiwandani. Wanangu wawili ni Yanga, walikuwa wanacheza ngoma hatua kumi kutoka nilipokaa, wakaja kunikumbatia, mmoja akanivisha skafu ya kijani shingoni. Sikuivua. Nilibaki nimekaa nayo natazama mstari wa kati. Siku hizi wanachora na mashine, umenyooka.

Mwana wa Banyambala

Mzee hapo kwenye skafu umenimaliza.

Mnyama Damu

Nimekuja hapa kuchokoza, nimekuta msiba. Pole mzee. Ila mmerudi, si ndiyo?

Mkata Miwa 68

Tumerudi. Tulikaa chini msimu mmoja tu, 2024/25, tukamaliza vinara wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, tukapanda na Mbeya City. Na msimu huo huo ndugu zetu Kagera Sugar wakashuka. Tajiri mmoja, sukari moja, mmoja anapanda ngazi anapishana na mwenzake anashuka. Nilimpigia rafiki yangu fundi wa kule, tulifanya kazi pamoja alipokuja kwa ukarabati. Nikataka kumpa pole, akaniambia, "Usinipe pole, nipe ramani."

Kuhusu uwanja uliolalamikia, Mnyama: kweli ulikuwa na mabonde. Lakini ile 0-0 ya Januari 2022 mpira ulidunda kwa timu zote mbili. Mwezi uliofuata Yanga walikuja hapo hapo, juu ya tuta hilo hilo la viazi, wakashinda 2-0. Kwa hiyo mabonde yana timu?

Mnyama Damu

😂😂 Mzee hii imeingia. Natoka kwenye huu uzi taratibu.

Kijana wa Dumila

Nimemsomea mjomba yote, kuanzia chokaa hadi skafu. Amesema kreti sasa ni mawili, moja la ubishi na lingine la usumbufu. Amenipa na swali: anasema miaka hiyo alikuwa anakuja Jamhuri kutoka Dumila, na anamkumbuka mzee aliyekuwa anauza miwa kwenye lori la mashabiki. Anadai siku moja alinunua, akapewa vipande vinne badala ya vitano, na hajasahau. Je, mzee huyo bado yupo?

Mkata Miwa 68

Alifariki zamani, Mungu amrehemu. Lakini mwambie mjomba wako vipande vilikuwa vinne tangu mwanzo, bei ilikuwa imeandikwa kwenye ubao wa lori kwa chokaa. Niliandika mimi.